Sauti Isiyozikwa

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili lilitungwa kwa ajili ya wafanyabiashara, lakini lawafaa vile vile wanahistoria, na lawafaa zaidi wale wanaotafuta habari za waimbaji. Mchongaji akifa huacha sanamu zake. Mshairi akifa huacha beti zake. Mwashi akifa huacha kuta alizozijenga. Lakini mwimbaji, kwa maelfu ya miaka, alipokufa alikwenda kaburini na chombo chake, kwa kuwa chombo chake kilikuwa koo lake mwenyewe. Waliomsikia walisimulia kwa muda. Nao walipokufa hapakubaki ila sifa. Na sifa ya sauti ni kama harufu ya chakula kilichokwisha kuliwa: huamsha njaa wala haishibishi.

Katika insha hii nataka kukueleza, msomaji, habari za mwimbaji mmoja ambaye kaburi halikuimeza sauti yake. Jina lake ni Kathleen Ferrier, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufa mwaka 1953. Sauti yake imehifadhiwa katika rekodi nyingi. Moja kati ya hizo ilifanywa Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi, mwezi wa Februari 1951, alipokuwa akiimba katika opera iitwayo Orfeo ed Euridice, iliyotungwa na Christoph Willibald Gluck. Rekodi hiyo si safi kama zile za siku hizi. Nimeichagua kwa sababu mambo matatu yamekutana ndani yake: hadithi ya kale ya mtu aliyejaribu kumrudisha mfu kwa nguvu ya wimbo; muziki uliotungwa karibu miaka mia mbili kabla ya usiku ule; na mwimbaji ambaye alikuwa amebakiwa na muda mfupi wa kuishi, wala hakujua. Tukiyafuata mambo haya moja moja, tutaona sanaa yaweza nini mbele ya mauti, na haiwezi nini. Tutaona pia jambo la tatu, ambalo latuhusu sisi tunaosikiliza.

Yafaa kwanza tujue opera ni kitu gani. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, huku vyombo vingi vya muziki vikipigwa pamoja. Sanaa hii ilianza nchini Italia mwishoni mwa karne ya 16. Opera ya kale kuliko zote ambazo muziki wake umehifadhiwa ilichezwa Florence mwaka 1600, kazi ya Jacopo Peri, na jina lake lilikuwa Euridice. Miaka saba baadaye, mwaka 1607, Claudio Monteverdi alionyesha Mantua opera yake iliyoitwa L'Orfeo. Waona, basi, kwamba watu wale walipotaka kusimulia kisa kwa kuimba, waliiendea hadithi moja. Walikuwa na sababu. Mchezo ambao kila mtu ndani yake huimba ulihitaji shujaa ambaye silaha yake ni wimbo, na shujaa huyo Wayunani wa kale walikuwa wamekwisha kumtayarisha.

Wayunani walisimulia kwamba katika nchi ya Thrace palikuwa na mtu jina lake Orpheus, ambaye Waitalia humwita Orfeo. Alipopiga kinubi na kuimba, wanyama wakali walilala miguuni pake, miti iliinama, na mawe yalisogea ili yamsikilize. Alimwoa Euridice, akampenda kupita kiasi. Furaha yao haikudumu. Siku moja Euridice alikanyaga nyoka majanini, akaumwa mguuni, akafa. Waliofiwa wote hulia, na wengi hutamani kumfuata waliyempoteza. Orfeo alimfuata kweli. Alishuka kuzimu naye angali hai, hana silaha ila kinubi chake, akaimba mbele ya mfalme na malkia wa wafu. Mshairi wa Kirumi, Ovid, asimulia kwamba wimbo ule ulisimamisha hata mateso. Sisyphus, ambaye adhabu yake ilikuwa kulisukuma jabali mlimani siku zote bila ya kulifikisha kileleni, aliketi juu ya jabali lake akasikiliza.

Wenye kuzimu wakashindwa kukataa. Wakamrudishia mkewe kwa sharti moja: yeye atangulie, mkewe afuate nyuma, wala asigeuke kumtazama mpaka watakapotoka kwenye mwanga wa jua. Wakapanda katika njia ya giza na kimya. Walipokuwa karibu na mwisho wa njia Orfeo aliingiwa na hofu, asijue kama anafuatwa au hafuatwi. Akageuka. Alimwona mkewe mara moja tu, kisha akatoweka. Maji yakimwagika hayazoleki. Alijaribu kurudi tena kuzimu, akazuiwa.

Mwisho wake mwenyewe ulikuwa wa kutisha. Alirejea Thrace, akaishi katika majonzi, na kundi la wanawake waliopagawa likamrarua vipande vipande. Kichwa chake kilitupwa mtoni pamoja na kinubi. Wasimulizi wanasema kwamba kichwa kile kilielea hata kikafika baharini, kikachukuliwa na maji mpaka kisiwa cha Lesbos, na njia nzima ulimi wake ulikuwa ungali ukiimba. Likumbuke jambo hili, msomaji, kwa maana tutalirudia.

Sasa tuingie karne ya 18. Gluck alizaliwa mwaka 1714 katika Ujerumani, mwana wa mlinzi wa misitu. Wakati wake opera ya Kiitalia ilikuwa imeanguka mikononi mwa waimbaji mashuhuri. Mwimbaji aliweza kusimama mbele ya jukwaa, akaisahau hadithi, akalipamba neno moja kwa madoido mengi kadiri pumzi yake ilivyomruhusu, na watu wakampigia makofi kama wampigiavyo mwana sarakasi. Gluck alipokutana na Ranieri de' Calzabigi, Mwitalia mtunzi wa maneno ya michezo, wote wawili waliona kwamba desturi hiyo imezidi. Wakaamua kutunga kazi ambayo ndani yake muziki utalitumikia neno, na mwimbaji ataitumikia hadithi. Waliondoa visa vya pembeni, wakawaacha watu watatu tu wa kuimba peke yao: Orfeo, Euridice, na mungu wa mapenzi. Kwaya waliipa kazi kubwa, ya kuwa waombolezaji, kisha mizuka ya kuzimu, kisha roho za wafu walio katika raha.

Kazi hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Vienna, tarehe 5 Oktoba 1762. Ilikusudiwa kwa sherehe za siku ya jina la Kaisari Francis I, mume wa Maria Theresa. Yaani sikukuu ya mtakatifu ambaye Kaisari aliitwa kwa jina lake. Hapo ndipo lilipozuka tatizo. Hadithi ni ya msiba, na sherehe ya Kaisari haikufaa kumalizika kwa msiba. Kwa hiyo katika opera ya Gluck, baada ya Orfeo kugeuka na kumpoteza mkewe kwa mara ya pili, mungu wa mapenzi hutokea, akamhurumia, akamfufua Euridice, na watu wote wakacheza kwa furaha. Wanawake waliopagawa hawapo, wala kichwa kinachoelea mtoni hakipo.

Usimlaumu Gluck upesi. Mwisho ule wa furaha ulitakiwa na desturi za ikulu, lakini kabla ya kuufikia alikuwa amekwisha kuweka katika muziki wake huzuni isiyofutika. Tena aliiweka bila ya makelele. Opera inapofunguliwa, Euridice amekwisha kufa, na waombolezaji wameizunguka kaburi. Kwaya yaimba maombolezo marefu, lakini Orfeo mwenyewe, mwimbaji mkuu kuliko wote, hana wimbo wa kuimba. Alilopewa ni kuliita jina la mkewe, mara tatu tu, katikati ya sauti za wengine. Kila aliyewahi kuhudhuria mazishi ajua ukweli wa jambo hili: wanaoimba ni jirani na jamaa, mfiwa mwenyewe huwa na neno moja tu, nalo ni jina.

Sauti ya Orfeo imepita katika makoo ya namna nyingi. Wa kwanza kumwimba alikuwa Gaetano Guadagni, mmoja wa wale waimbaji wa Italia waliofanywa matowashi utotoni ili sauti zao zisivunjike. Ulikuwa ukatili, hata kama watu wa siku zile waliustarehea. Nasi hatuna sababu ya kuuficha. Mwaka 1774 Gluck aliitengeneza kazi yake upya kwa ajili ya Paris, na huko Orfeo aliimbwa na Joseph Legros, mwanamume mwenye sauti nyembamba ya juu. Husimuliwa kwamba Legros alipokuwa akiliita jina la Euridice kwa madaha wakati wa mazoezi, Gluck alimwamuru alie kama mtu ambaye mfupa wake unakatwa kwa msumeno. Mwaka 1859, miaka mingi baada ya Gluck kufa, mtunzi Mfaransa Hector Berlioz aliipanga opera hiyo kwa namna itakayomfaa mwanamke, Pauline Viardot. Tangu wakati huo wanawake wenye sauti nzito wamemwimba Orfeo mara nyingi, wakivaa mavazi ya kiume. Sauti ya kike iliyo nzito kuliko zote huitwa kontralto, na Kathleen Ferrier alikuwa nayo.

Alizaliwa tarehe 22 Aprili 1912 katika kijiji cha Higher Walton, Lancashire, upande wa kaskazini wa Uingereza. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kijiji. Familia ilihamia mji wa Blackburn, na huko Kathleen alijifunza kupiga piano kwa bidii na kwa sifa kubwa. Lakini fedha za nyumbani hazikutosha. Alipofika miaka 14 alitolewa shuleni, akaenda kufanya kazi katika ofisi ya simu, kazi ya kuunganisha nyaya ili watu wazungumze. Mwaka 1935 watu wa simu walitafuta msichana mwenye sauti nzuri itakayorekodiwa ili imtajie saa kila apigaye simu kuuliza. Kathleen alijaribiwa, akaachwa katika mchujo wa mapema. Sauti ambayo baadaye ilisikilizwa kwa heshima Ulaya na Marekani haikuonekana kufaa kutangaza saa. Nalitaja jambo hili kwa ajili yako wewe mwanafunzi, ambaye labda umekwisha kuambiwa na mtu fulani kwamba hufai: majaribio ya wanadamu hupima lile linalotafutwa siku ile, wala hayapimi yote yaliyomo ndani ya mtu.

Mwaka huo huo aliolewa, akaacha kazi, kwa kuwa kanuni za kazi yake hazikumruhusu mwanamke mwenye mume kuendelea. Mwaka 1937 palikuwa na mashindano ya muziki mjini Carlisle. Kathleen alijiandikisha kwa piano. Mumewe akaweka dau la shilingi moja kwamba hathubutu kushindana pia katika kuimba. Alithubutu, na akashinda katika piano na katika kuimba pia. Hivyo ndivyo alivyoanza, naye alikuwa karibu na miaka 25, umri ambao waimbaji wengi wamekwisha kusoma miaka mingi. Wakati wa vita kuu ya pili alizunguka Uingereza akiwaimbia watu waliochoshwa na vita. Mwishoni mwa mwaka 1942 alihamia London, akaendelea kujifunza. Alipanda jukwaa la opera mara ya kwanza mwaka 1946, Glyndebourne, katika kazi ya Benjamin Britten iitwayo The Rape of Lucretia. Mwaka uliofuata, mahali hapo hapo, alimwimba Orfeo. Maisha yake yote aliwaigiza watu hao wawili tu katika opera, Lucretia na Orfeo. Nyimbo zake nyingine zote aliziimba akiwa yeye mwenyewe, amesimama mbele ya watu pasipo kuigiza.

Hapa yatupasa tusimame kidogo tutazame jinsi sauti ilivyohifadhiwa, maana bila ya ufundi huo nisingekuwa na la kukueleza. Thomas Edison, Mmarekani, alifaulu kunasa sauti na kuirudisha mwaka 1877. Miaka kumi baadaye Emile Berliner alibuni santuri yenye sahani bapa. Sauti ilitikisa sindano, sindano ikachora mfereji mwembamba, na sindano nyingine ilipoupita mfereji ule sauti ikarudi. Mpaka mwaka 1925 hivi waimbaji walilazimika kuimba wakielekeza midomo yao ndani ya tarumbeta kubwa. Kisha ikaja mikrofoni ya umeme, na mambo yakawa bora. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay kuimba ili atiwe katika sahani, ufundi ulikuwa umefika hapo.

Sahani hizo zilikuwa na upungufu mkubwa. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani kubwa ulibeba dakika nne au tano tu. Sahani ndefu, yenye kubeba dakika ishirini na zaidi kwa upande, ilitolewa Marekani mwaka 1948. Kwa hiyo mwezi wa Juni 1947, kampuni ya Decca ilipomrekodi Kathleen katika Orfeo pamoja na wenzake wa Glyndebourne, chini ya kiongozi wa muziki Fritz Stiedry, haikurekodi opera nzima. Ilifupishwa, ikakatwa vipande vya kutoshea sahani, na aliyetaka kusikiliza alipaswa kuinuka kila baada ya dakika chache ageuze sahani. Twaisikia sauti yake ikiwa changa na yenye nguvu, lakini hadithi inakatika katika.

Rekodi ya Amsterdam ni ya namna nyingine. Haikufanywa katika chumba cha kampuni ambamo mwimbaji akikosea hurudia. Ilitwaliwa wakati mchezo wenyewe ulipokuwa ukionyeshwa, watu wameketi, Charles Bruck akiongoza okestra, nayo imebaki kutokana na matangazo ya redio. Haikutolewa kwa umma ila baada ya miaka mingi. Ukiisikiliza utasikia sauti za vyombo zikififia na vishindo vya jukwaani. Vumilia. Baada ya dakika chache sikio hulizoea vumbi, na ndani ya vumbi hilo utamkuta mtu.

Utamsikia kwanza akiliita lile jina mara tatu. Haliiti kwa kelele. Alitoa chini ya kifua, kama mtu aitaye mlangoni pa nyumba ambayo ajua hakuna atakayeitika. Kisha katika sehemu ya pili utamsikia kuzimu. Kinubi kinapigwa taratibu, naye anawasihi mizuka wamhurumie, na kwaya nzima yamkatalia kwa neno moja la Kiitalia, ambalo hata asiyejua lugha hiyo atalielewa mara moja: hapana. Anaomba tena, wanakataa tena. Hapa Gluck amefanya jambo la busara kubwa. Lile kataa halikomi ghafla. Linapungua nguvu kidogo kidogo, mpaka mizuka wenyewe wanakiri kwamba hawajui ni huruma gani hii inayowaingia. Sauti moja ya mwanamke imeshindana na umati, na imeshinda kwa kuongeza upole, wala si kwa kuongeza ukali.

Mwisho waja wimbo ulio mashuhuri kuliko yote, ambao Orfeo auimba baada ya kumpoteza Euridice mara ya pili. Ajiuliza atafanya nini sasa, ataenda wapi pasipo yeye. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi juu ya wimbo huu, kwa sababu sauti zake hazifuati njia ambayo watunzi wa Ulaya huitumia kwa huzuni. Ni laini na zenye mwanga, hata wengine wamesema zingefaa vile vile kwa maneno ya furaha. Msikilize Kathleen kisha uamue mwenyewe. Mimi naona kwamba Gluck alijua jambo ambalo wazee wetu pia walilijua: kilio kikubwa ni cha siku ya kwanza, lakini msiba wenyewe husema kwa sauti ya kawaida, siku ambayo mtu aamka, atandika kitanda, na nyumba ni ile ile.

Sasa yanipasa nikueleze yaliyofuata. Mwezi wa Machi 1951, majuma machache tu baada ya usiku ule wa Amsterdam, madaktari waligundua kwamba Kathleen ana saratani ya titi. Alipasuliwa, akatibiwa, akarudi kazini. Mwaka 1952 alisafiri mpaka Vienna, mji ule ule ambao Orfeo wa Gluck alizaliwa, akarekodi Das Lied von der Erde ya Gustav Mahler pamoja na kiongozi wa muziki Bruno Walter, na hali maradhi yalikuwa yakimla. Mwezi wa Februari 1953 alirudi kwa Orfeo, safari hii Covent Garden, London, kwa lugha ya Kiingereza, chini ya rafiki yake John Barbirolli. Palipangwa maonyesho manne. La kwanza lilikwenda vizuri. Katika la pili, tarehe 6 Februari, mfupa wa paja, uliokuwa umekwisha kuliwa na ugonjwa, ulivunjika jukwaani katikati ya mchezo. Hakupiga ukelele. Aliendelea kuimba mpaka mwisho, akipunguza mwendo wake na kuegemea alipoweza, na watu waliojaa ukumbini hawakujua lililotokea. Walimshangilia, kisha akapelekwa hospitali. Hakuimba tena hadharani. Alikufa London tarehe 8 Oktoba 1953, naye alikuwa na umri wa miaka 41.

Mwalimu husimulia jambo kama hili kwa hofu, kwa maana ni rahisi mwanafunzi kujifunza somo lisilo sahihi. Wako wanaolisimulia kana kwamba maumivu ndiyo yaliyoifanya sauti yake kuwa kubwa. Si kweli. Sauti yake ilikuwa kubwa kabla ya maradhi, na maradhi hayakumpa chochote, yalimnyang'anya tu. Wala sikusimulii ili nawe uvunjike mfupa ukanyamaze. Mtu mgonjwa anapaswa kutibiwa. Nakusimulia kwa sababu ndivyo ilivyotokea, na kwa sababu kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi nasi.

Hatari hiyo ni hii. Sasa umekwisha kuujua mwisho wake. Ukirudi kuisikiliza rekodi ya Amsterdam, utashawishika kuyasikia mauti katika kila pumzi. Utasema: huyu hapa anaimba kifo chake mwenyewe. Wengi wamesema hivyo. Lakini yule aliyesimama jukwaani Februari 1951 hakuwa mtu anayeaga dunia. Alikuwa mwanamke wa miaka 38, mwenye kazi nyingi mbele yake, aliyependwa na wenzake kwa ucheshi, ambaye barua zake zimejaa mzaha. Aliwaza juu ya maneno ya Kiitalia, pumzi, hatua za jukwaani, na kazi ya kesho. Tukimgeukia kwa haraka, tukiwa na habari za 1953 mikononi, yule mwanamke hai hutoweka mbele ya macho yetu, nasi hubaki na maiti tuliyojitengenezea wenyewe.

Je, huoni kwamba hili ndilo kosa la Orfeo? Alipewa mkewe kwa sharti moja tu, la kutogeuka kabla ya wakati. Hakushindwa kwa kukosa upendo. Alishindwa kwa kukosa subira. Nasi, kila tunaposoma habari za waliokufa, tunapewa sharti linalofanana na lile. Tumwache mtu aishi siku zake kwa kadiri alivyozijua yeye, bila ya kuzitia giza la mwisho ambao twaujua sisi. Ukisoma juu ya mfalme aliyepinduliwa, usimsome kama aliyekwisha kupinduliwa tangu siku aliyotawazwa. Ukisoma juu ya taifa lililoingia vitani, kumbuka kwamba katika mwaka uliotangulia watu wake walikuwa wakipanda mbegu na kupanga harusi. Hiyo ni heshima tunayowapa wafu, tena ndiyo njia ya kuwaelewa.

Gluck, kwa ajili ya sherehe ya Kaisari, alimfufua Euridice. Katika maisha ya Kathleen hakutokea mungu wa mapenzi kuja kuuahirisha mwisho. Sanaa haikumrudisha, na hakuna santuri itakayomrudisha. Ila ile sehemu ya hadithi ambayo Gluck aliiacha imetimia kwa namna ambayo Wayunani wenyewe wasingeiwaza. Walisema kwamba Orfeo alikufa, na kichwa chake kikaendelea kuimba juu ya maji. Karne nyingi watu waliliona jambo hilo kuwa ndoto ya washairi. Leo sauti ya binti aliyekuwa akiunganisha nyaya za simu Blackburn yaweza kusikika katika simu ya mkononi, popote alipo mwenye hamu ya kusikiliza.

Ukiipata rekodi hiyo, keti mahali penye utulivu. Msikilize alivyokuwa usiku ule, mzima, hodari, akifanya kazi yake, na zile tarehe nilizokupa uziache nje ya mlango mpaka wimbo utakapokwisha.